Ulimi Wangu Ulivyomtoa Binti Yangu Chuoni

Wasomaji wenzangu, nna miaka sabiini na mbili. Nakaa Amerat, ng'ambo ya bahari, nyuma ya majabali, katika nyumba ya binti yangu... ndiyo, yake, si yangu, nisianze kwa uongo. Skuli nilisoma darasa nne tu, huko Unguja, na la nne lenyewe sikulimaliza. Nnachokijua ni kuzungumza. Kuzungumza huko ndiko kulikoniangamiza!

Binti yangu Asila ana miaka thalathini na moja. Mama yake alipofariki tukabaki wawili. Anafanya kazi serikalini, na ofisi yake ilimpa ruhusa ya miaka miwili akasome shahada ya pili ya uchumi. Si uchumi wa dukani, la! Huu ni wa nchi nzima: bei, ajira, sarafu. Wenyewe wanauita makro. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nikadhani ni maradhi.

Kila siku baada ya Alasiri alikuwa akikaa na mimi, ananimiminia kahawa, ananisomesha. Mimi! Alisema, "Baba, nikiweza kukufahamisha wewe, basi nimefahamu mwenyewe." Nikimuuliza maswali ya kijinga anacheka, kisha anayaandika. Hakuna saa niliyoipenda kuliko ile.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu riyali, sarafu ya nchi hii. Alinambia riyali yetu imefungwa na dola, kama mbuzi na kigingi. Kisha akasema, "Sasa tuchukulie, baba, kamba imekatwa. Mchele unaotoka nje ungepandaje bei? Nani angekosa kazi?" Akanionyesha mistari inapanda na kushuka. Nikaona kizunguzungu, lakini mbuzi na kamba nilivifahamu vizuri sana...

Kumbe sikufahamu kitu!

Hapa lazima niwataje watu wa barza yetu, pale nje ya msikiti. Tunakaa wazee watano sita, halwa kidogo, maneno mengi. Yumo Khalfan, rafiki yangu wa miaka arubaini, mwenye ulimi kama wembe. Siku moja alianza kunichokoza mbele ya watu. "Said, Asila wako bado yumo darasani tu? Hata mume hana! Atakuzalia vitabu?"

Wakacheka wote. Niliwaka, wallahi! Ungekuwa wewe ungenyamaza? Pengine ungenyamaza. Mimi sikuweza.

Nikasema, "Cheka, Khalfan. Mwanangu anajua mambo ambayo wewe utayajua umeshachelewa. Riyali inakatwa kamba na dola! Mchele utapanda. Watu watakosa kazi."

Barza nzima kimya! Hata kikombe hakikulia. Ah, utamu wa watu kukunyamazia... Khalfan akatoa simu yake. "Hebu rejea, sheikh, nikurekodi nimpelekee mwanangu."

Nikarejea! Nikasafisha koo kwanza, mpumbavu mimi. Nikataja jina la Asila na langu mimi baba yake na la babu yake, na ofisi anayofanya kazi, ili watu waamini.

Kesho yake, hata Adhuhuri haijaadhiniwa, shemeji yangu wa Nizwa akaniletea sauti ileile kwenye simu, akiniuliza kama ni kweli. Binamu yangu wa Yiti alikuwa ameshanunua magunia ya mchele, ameyapanga mpaka mlangoni. Sauti yangu ilitembea kuliko mimi! Sikuweza kukaa. Nikawa natoka uani, narudi ndani, natoka tena...

Asila aliitwa ofisini. Aliwaeleza kuwa yale ni mfano wa kitabuni, tena akawaonyesha kazi yake. Walimwamini, lakini walisema jina la ofisi limeshaingizwa katika uvumi. Ruhusa ya kusoma ikafutwa, na takwimu walizokuwa wamempa akatakiwa azirudishe. Mwalimu wake chuoni akamwambia bila takwimu zile hakuna utafiti. Ilikuwa imebaki miezi mitatu amalize!

Aliporudi nyumbani hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alikaa mbele yangu, mkoba bado begani, akauliza swali moja tu: "Baba, ile 'tuchukulie' uliipeleka wapi?"

Nilimwambia ukweli. "Niliona inaipoozesha hadithi, mwanangu."

Akautua mkoba chini. Kisha akenda kutia wali motoni.

Nilivaa kanzu yangu nzuri nikenda ofisini kwake mwenyewe. Bwana mmoja kijana akanikaribisha kwa heshima, nami nikaanza tangu mbali, tangu Unguja, tangu kifo cha mama yake Asila... Akaniacha nikamaliza. "Ammi, tumekufahamu," akasema. "Lakini hata ukisema kweli leo, nani ataituma?"

Nilijaribu, jamani! Nilimwomba Khalfan anirekodi tena, nikaeleza kila kitu kwa utulivu, na neno 'tuchukulie' nikalitaja mara nne. Haikutoka nje ya barza. Khalfan akanambia nisijitese, hakuna aliyekufa.

Asila sasa amerudi kwenye meza yake, anagonga mihuri barua za wengine. Kwangu ni mpole kama zamani. Kahawa ananimiminia. Nikimuuliza bei ya mafuta inaendaje duniani, anajibu, "Sijui, baba," na anajua! Naona anavyojua! Kisha anaondoka na kikombe chake, na mimi nabaki kuzunguka uani mpaka magoti yanauma.

Enyi wazazi wenzangu mliojaaliwa watoto wenye elimu, nawasihi. Mtoto akikufungulia mlango wa anachokisoma, ingia, kaa, sikiliza. Usitoke na kitu mkononi ukawaonyeshe watu! Na wakikuchekeni barzani, waacheni wacheke. Kicheko kile kingekwisha kabla ya kahawa kupoa. Mimi nilishindwa kukivumilia, na sasa nna mtoto anayenipenda, lakini hanambii kitu.