Kola Mezani kwa Anieke

Okwudili Anieke, mzee aliyewaua wahusika mia na ushee katika riwaya zake, alikutwa asubuhi chumbani mwake mwa kuandikia, Enugu, kauawa yeye. Alilala kifudifudi juu ya zulia. Kando ya kichwa kilichopasuka ilikuwa sanamu ya shaba, ile tuzo aliyozoea kujigamba kwamba ni nzito kuliko za wenzake. Kweli, ilikuwa nzito.

Inspekta Uzoamaka Ilozue alikwama mlangoni. Shuleni aliwahi kufyekeshwa uwanja mzima kwa kusoma riwaya ya mzee huyu chini ya dawati, katikati ya hesabu. Leo aliona damu ya mtu huyohuyo na mdomo ukabaki wazi.

"Madamu, funga mdomo, nzi wapo," alinong'ona Sajini Bassey, mtu wa Calabar.

"Na wewe vua kofia. Hujaona mzee kalala?"

Viti viwili vilitazamana. Katikati, mezani, palikuwa na sahani ya mbao ya kukaribishia wageni, na ndani yake kola, kokwa chungu ya kutafuna, iliyopasuliwa: vipande viwili, kimoja kimeng'atwa.

Aliyeikuta maiti alikuwa barazani. Huyu ni Daktari Lotanna Ezeaku, aliyekuwa akiandika kitabu cha maisha ya Anieke kwa mwaka wa nane sasa. Kila Jumatano walijifungia humo chumbani wawili tu, mzee anasimulia, yeye anaandika.

"Ni Akukwe," alisema kabla hajaulizwa. "Nani mwingine? Miaka thelathini wanatukanana magazetini!"

"Jana ulifika hapa?"

"Sikufika. Nilikuwa kwangu, naandika." Alitoa kitu mfukoni, akakipasua kwa ukucha, nusu akaitia mdomoni, nusu akampa Bassey. "Samahani, nimekesha. Hiki ndicho kinanishikilia. Nimezoea tangu utoto, huko kaskazini, Kano."

Bassey alitafuna, akakunja uso kama aliyemeza betri.

Mpishi, Mama Ebere, alisema jana alasiri alimwona Chifu Nzeribe Akukwe, mwandishi mwenza na adui wa marehemu, akiingia kwa fimbo. Yeye Mama Ebere akaondoka kwenda kwake mapema. Hiyo ikatosha kwa mtaa. Kabla jua halijakolea, wanafunzi walijaa getini na matairi na petroli, wakiimba jina la Akukwe. Kamishna akapiga simu: mfunge huyo mzee upesi, kabla hawajamchoma na nyumba yake.

Polisi walimpitisha Akukwe mlango wa nyuma. Alipoiona maiti, fimbo ilimponyoka.

"Okwudili! Mpumbavu wewe, nani sasa atanitukana vizuri?"

"Mzee, kaa," Uzoamaka alisema taratibu. "Jana ulikuja kufanya nini?"

"Kupatana. Tumezeeka, binti yangu. Tulicheka mpaka akapaliwa."

"Mkala kola?"

"Kola ipi? Aliona aibu maskini, akasema imekwisha, nirudi leo aniandalie kama mtu. Akaniletea nyanya chungu na karanga ya kusagwa yenye pilipili. Mimi nikalamba karanga tu."

"Kwa nini ulambe?"

Akukwe alipanua kinywa. Mbele hapakuwa na jino hata moja. Bassey akainama, akakitazama tena kile kipande sahanini: alama za meno zilikuwa safi, zimejipanga.

"Ni kweli, kola ilikwisha," Mama Ebere aliongeza. "Jana asubuhi alinituma sokoni, nikasahau. Mungu anisamehe."

"Basi Akukwe ndiye aliyekuja nayo!" Lotanna aling'aka. "Na Okwudili akaing'ata!"

"Pengine," alisema Uzoamaka. "Daktari, tumekuwa wageni wengi na mwenye nyumba ndiye huyo. Wewe ni kama mtoto wa hapa. Tukaribishe kola."

Lotanna alishangaa, lakini hakutaka kuonekana mtu asiye na adabu. Akatoa kokwa mfukoni, akaiweka kwenye kisahani, akamsogezea Akukwe kwa mikono miwili.

Mama Ebere alijiziba mdomo. Akukwe alirudisha mikono nyuma kana kwamba amepewa panya.

"Hiyo ni gworo, mwanangu. Unaniombea dua kwa gworo?"

"Madamu," Bassey alisema, "sisi tusio wa huku tufafanulie."

"Gworo hugawanyika vipande viwili tu, kama ile pale mezani. Ni ya kutafuna barabarani, kufukuza usingizi. Ya kumkaribishia mgeni na kuwaombea wazee ni nyingine, ina vipande vitatu, vinne, na zaidi. Mimi mwanamke, siruhusiwi kuipasua. Lakini nimeibeba kutoka jikoni tangu sijaota meno ya pili. Anieke angekufa kabla ya kuweka gworo kwenye sahani ile."

"Si amekufa," Bassey aliguna, kisha akajutia.

Uzoamaka hakumtazama. "Wewe, Daktari, ulikuwa mtu wa nyumbani. Alikupa chai. Hakukukaribisha kola hata siku moja, ndiyo maana hukujua."

Lotanna alitazama mlango. Bassey alikuwa ameshausimamia.

"Miaka minane," Lotanna alisema. "Jumatano hii anasema amezaliwa vitani, ile amezaliwa sokoni. Baba yake mhunzi, wiki ijayo mchungaji wa kanisa. Nikimaliza sura, anaibomoa! Jana usiku nimekuja, ananiambia kwa furaha amepatana na Akukwe. Uadui ule ndio uti wa mgongo wa kitabu changu! Anacheka, ananiambia, 'Anza upya.'" Alimgeukia Uzoamaka. "Maisha ya mtu aliye hai hayana mwisho, Madamu. Nikampa mwisho. Mwisho mzuri. Adui anakuja kupatana, wanakula kola, na hapohapo anamuua..."

Akukwe alilia kwa sauti. Miaka thelathini ya matusi, na ndiye pekee aliyelia.

Bassey alimfunga Lotanna pingu. Getini kelele zilikuwa zinapungua, jina lilikuwa limeanza kubadilika midomoni. Alipofika mlangoni, Lotanna aligeuka. Uso wake ulikuwa umetulia, una heshima, kama mwanafunzi mwenye swali.

"Madamu, ile kola ya kweli, mgeni ndiye anayechukua kipande cha kwanza, au mwenye nyumba? Nataka niirekebishe ile sura ya mwisho."