Lijamu la Meja Ghalib

Saa mbili asubuhi Meja Ghalib alikutwa amekufa sakafuni, katika hoteli ya bei nafuu mtaani Xiaobei. Alikuwa amenyongwa. Kinywani amefungwa lijamu, chuma anachotiwa farasi mdomoni, limeshika kutu. Mlango haukuvunjwa. Alimfungulia mtu aliyemjua.

Polisi wa Kichina walimkamata Macharia, mfanyabiashara wa Nairobi. Wakamwita Yasir, wakala wa mizigo kutoka Unguja, awatafsirie.

"Ulisema utamuua," Yasir alimwambia.

"Alinicharaza na kiboko chake pale sokoni Zhanqian, watu wakicheka! Ungesema nini, buda? Lakini sikumgusa."

"Lijamu ulilitoa wapi?"

"Lija-nini?"

Yasir alimtazama sana. Hakuwa akiigiza. Lakini hakuna aliyemwona kwingine usiku ule, na muuaji huku huuawa.

Ghalib kila mtu alimjua. Mezani alijisifu kwamba aliwahi kukodiwa kama askari wa kigeni, akaongoza wapanda farasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko jangwani. Alisimulia vijiji vilivyoungua kama mtu anayesimulia harusi.

Polisi walipoitoa maiti, Waislamu wa mtaa walimswalia msikitini. Imamu akauliza, "Mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mtu mwema!" wakaitikia, Yasir wa kwanza.

Mmoja alifunga mdomo: Abdulhadi, mnunuzi wa jinzi, mzaliwa wa jangwa lile aliyejifunzia Kiswahili Dar. Ndiye aliyekaa meza moja na Ghalib kila siku, akimmiminia chai.

Yasir alimfuata penye viatu.

"Sheikh Abdulhadi, sema wallahi hukumuua."

Abdulhadi akavaa kiatu kimoja.

"Lijamu lile la nani?"

"Lake. Alimvalisha baba yangu, akampanda mgongoni, wakazunguka kisima mpaka baba akadondoka. Nilikuwa mtoto. Hatamu alinishikisha mimi, na lijamu likabaki kwetu." Akatabasamu. "Hakunikumbuka, ndugu yangu. Miezi yote namtilia sukari, ananiambia ongeza. Nilipomvalisha, ndipo akanikumbuka."

"Na Macharia?"

"Kwetu walikufa wengi wasio na kosa. Angekuwa mmoja zaidi."

"Ungemwacha auawe?"

"Ningemwacha."

Yasir akatoa simu. "Basi kwa nini hukuitikia tu kama wenzako, ukaenda zako? Nisingekujua."

Abdulhadi akavaa kiatu cha pili.

"Kumuua niliweza. Neno lile halikutoka." Akanyoosha mikono mbele, viganja pamoja, kama tayari amefungwa. "Waite, nitawaambia mwenyewe. Wewe lilikutoka kwa sauti kubwa kuliko wote."