Msimu Mzuri wa Kuja

Kwa mambo ya mapenzi hakuna wa kunifundisha; jirani akinuna, najua sababu kabla mumewe hajaijua. Ya kwangu tu ndiyo yalinipita: niliachwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa wa mwisho kupata habari. Kwa hiyo nawasimulia ya watu.

Stesheni kuu ya treni asubuhi, watu kama siafu. Chini ya saa kubwa kuna dirisha la maulizo, na nyuma ya kioo aliketi binti mwenye gauni la kijani na kitambaa cha njano shingoni. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wageni msimu gani unafaa kuja, maana mji ule mkubwa hutembelewa kwa ajili ya milima iliyo jirani yake. Mbele yake akasimama mwanamume mrefu, sanduku la vifaa mkononi, grisi kwenye kucha. Alikuwa fundi wa lifti, aliitwa kikazi kutoka mbali, sasa anarudi kwao.

"Dada, hiyo milima yenu mmeificha wapi? Tangu nije naona ukungu tu."

"Umekuja msimu mbaya, kaka. Sasa hivi imejifunika shuka, imelala."

"Inaamka lini, nije niisalimie?"

"Mvua zikikatika. Asubuhi utaona hadi mikunjo yake."

"Na wewe utakuwepo?"

"Niende wapi na dirisha hili? Sogea, kuna watu nyuma yako."

Akasogea, ila alisogea na namba ya simu ya binti.

Basi, simu zikaanza. Mwanamume akamwita binti Mtabiri, binti akamwita Fundi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba sauti yako."

"Ndiyo maana umekonda hivyo. Kula wali, Fundi."

Penzi likakolea mpaka Fundi akasema, "Nataka nije na shangazi yangu, tuzungumze na wakubwa wako."

Binti akasema, "Ngoja mvua ziishe." Mvua zikaisha. "Ngoja vumbi litulie." Vumbi likatulia. "Sasa baridi, shangazi yako atapata kikohozi." Fundi akangoja, maana nani abishane na mtu anayelipwa kujua misimu?

Ukweli ulikuwa ndani ya nyumba. Binti aliishi na mama yake, ghorofa ya tatu, na akili ya mama ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Siku nyingine alimwita bintiye "dada", siku nyingine alimfukuza kama mwizi. Mchumba wa kwanza aliwahi kuja na suruali iliyopigwa pasi. Mama akamrushia kikombe. Yule bwana akafuta chai shatini kwa upole, akaaga kwa upole, na tangu siku hiyo hakupokea simu za binti tena. Binti aliapa hatamtupa mama yake, na aliogopa kumpoteza Fundi. Akajificha nyuma ya hali ya hewa.

Siku moja akamwambia, "Usije, mpenzi. Mji umejaa moshi, hata pua yako huioni."

Adhuhuri simu ya ofisini ikalia.

"Karibu, dirisha la maulizo," akasema kwa ile sauti yake ya kazini.

"Dada, nije lini kuona milima?" mtu akauliza kwa sauti aliyoibana.

"Njoo wiki hii! Huu ndio msimu bora wa mwaka, anga ni jeupe kabisa."

Upande wa pili pakasikika pumzi tu. Ndipo akaitambua ile pumzi.

"Fundi?"

"Kumbe ni mbaya kwangu tu. Una mtu, Mtabiri. Ungeniambia."

Simu ikakatwa. Akapiga, haikupokelewa. Jioni, akiwa amesimama jikoni, akamtumia ujumbe wa sauti: "Sina mtu. Nina mama. Anasahau, anatukana, anarusha vitu. Siwezi kumwacha na sitamwacha. Niliogopa ukimwona utaaga kwa upole. Basi." Fundi aliusikiliza juu ya lifti iliyosimama, taa ya kichwa ikiwaka, akaurudia. Hakujibu.

Ukungu ukarudi. Ule msimu mbaya kabisa, jiji zima halioni mwisho wa mtaa. Siku hiyo binti hakwenda kazini; mlango ukagongwa, na mama ndiye aliyefungua.

"Umechelewa!" akamfokea Fundi, aliyeelekezwa nyumba kule stesheni. "Bomba linavuja tangu juzi!"

"Nisamehe, mama. Foleni."

"Foleni, foleni! Vua viatu."

Fundi akavua viatu, akapiga magoti chini ya sinki, akalikaza lile bomba, na kweli lilikuwa linavuja. Mama akamtukana ukoo mzima, yeye akaitikia, "Ndiyo, mama," mpaka mama akachoka, akaketi, akamwambia kwa sauti ndogo, "Una mikono mizuri."

Binti alisimama mlangoni, kitambaa kimelowa machozi.

"Msimu huu hakuna cha kuona," akasema.

"Nimeshaona."

"Umekuja kwa ajili yangu?"

Fundi akajifuta mikono taratibu. Kiburi cha mwanamume ni kama jipu, hakiguswi.

"Hapana. Nimepita tu. Kuna lifti imekwama mtaa wa pili. Jioni naondoka."

Binti akaitikia kwa kichwa, akainama kuokota bisibisi ili asionekane uso.

Ngazini pakasikika kikohozi, kisha sauti nene ya mwanamke:

"Wewe mtoto! Ulisema unaingia kusalimia tu! Tumesimama hapa na mjomba wako na mizigo, viatu vipya vinanila miguu. Wametukubali au hawajatukubali?"

Binti akainuka. "Lifti imekwama?"

Fundi akafungua mdomo kutafuta uongo mwingine, akaukosa.

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Tangu lini," akauliza, "fundi wa bomba akaja kazini na shangazi yake?"