Support ya Kushoto Imeng'oka Tena

— Imeng'oka tena, Liévin alisema kwenye simu. Support ya kushoto. Niko barabara ya kwenda Kilo.

Débora alifumba macho. Alikuwa kwenye atelier ya baba yake ya kuchomelea vyuma, pale Mbunya, akipima vyuma vya portail, lango kubwa la mteja.

— Ya ngapi sasa?

— Ya ine. Na niliikata kwenye tole nene, bamba la milimita kumi.

— Juma iliyopita nilikuambia nini?

— Chérie, hii ni gari. Haiko portail.

Débora akakata simu.

Kwa miaka miwili Liévin alikuwa akijiundia gari uani kwao. Aliwaahidi wazazi wa pande zote kwamba Débora atafika kanisani ndani ya gari hilo, na kwa ahadi hiyo ndoa ilikuwa imesogezwa mara mbili. Lakini kila alipolijaribu barabarani, zile support, vyuma vinavyoshika kwenye shasi amortisseur za kupunguza mitikisiko, ziling'oka.

Jioni ujumbe wa Liévin ukaingia: "Déb, tusogeze tena mwezi moja. Nitaweka tole ya kumi na mbili."

Akajibu: "Mimi sisogei tena. Tafuta mwingine wa kukungojea."

Asubuhi Débora alimfuata uani amwambie uso kwa uso. Alimkuta chini ya gari. Akaokota ile support na kumwekea mbele ya macho.

— Nionyeshe mahali imevunjika.

Liévin akaigeuza, akaigeuza tena. Chuma kilikuwa kizima. Kilichochanika ni kipande cha shasi kilichobaki kimeng'ang'ania pembeni.

— Ni shasi njo imepasuka, alisema polepole.

— Unazidisha unene wa support, na bomba ya shasi iko milimita mbili. Portail nzito inachana bomba vilevile penye bawaba. Papa anatangulia kusoude tole pana juu ya bomba, uzito ugawanyike. Kisha anatia pembetatu za chuma huku na huku, isiyumbe.

— Kwa nini hukuniambia?

Débora aliinua vidole vitatu.

— Uliniambia, Liévin akasema.

— Mara tatu. Ya kwanza ulicheka.

— Niliona haya. Watu wangesema bibi nitakayemwoa njo fundi.

— Na mimi wanasema nini, mwenye kusogezewa ndoa kila mwezi?

Liévin alitoka chini ya gari. Alimpa chaki.

— Chora. Nitakata vile utachora. Na tarehe haisogei. Gari ikikataa, tutaenda na miguu.

Alichora, bado amenuna. Waligombana juu ya kila tole kwa majuma matatu.

Siku ya ndoa gari lilipita mashimo yote hadi mlango wa kanisa. Emery, baba mdogo wa Débora, aliinama kulichungulia.

— Support hizi nani alizifikiria?

— Bibi yangu, Liévin alijibu mbele ya watu wote, akapiga magoti kwenye vumbi kumwonyesha zile pembetatu.

— Liévin, Débora akasema, simama. Unachafua costume yako ya ndoa, na padri anatungojea.