Sahihi ya Mwizi

Sefu ilikuwa wazi, tupu, na kitasa chake hakikuwa na hata mkwaruzo. Inspekta alikikagua kwa tochi, kisha akamgeukia mkurugenzi, ambaye jasho lilimtiririka ingawa kiyoyozi kilikuwa kikivuma.

"Kimeibwa nini?"

"Ufunguo wa sahihi. Kidude kama flashi ya kompyuta hivi. Kila toleo jipya la programu yetu tunalitia sahihi nacho. Lisilo na sahihi, kompyuta za hospitali zinalikataa."

"Programu ya nini?"

"Inapiga hesabu ya dozi za watoto wodini. Ni programu huria. Yeyote anaichukua bure, anaisoma, anaibadilisha."

"Bure? Sasa nyinyi mnakula nini?"

"Tunauza huduma. Mafunzo, matengenezo." Akashusha sauti. "Leo mchana nauza kampuni. Kuanzia hapo, asiyelipa hapati matoleo mapya. Ila bila ule ufunguo, wanunuzi hawasaini."

Namba za sefu walizijua watu watatu tu: mkurugenzi, mdogo wake wa kike aliyeiandika programu, ambaye ofisi nzima ilimwita Viraka kwa kurekebisha makosa ya kila mtu, na mhasibu. Jana mhasibu ndiye aliyetoka wa mwisho, na alama za vidole vyake zilijaa kwenye sefu. Koplo alishamtia pingu.

"Wallahi sijagusa kitu, Afande! Nina watoto mimi!"

Viraka alikaa dirishani na kompyuta yake mapajani.

Simu ya mkurugenzi ikalia. Akausoma ujumbe, uso ukamsawajika.

"Toleo jipya limetoka sasa hivi. Lina sahihi yetu!"

"Yaani mwizi kaiba, halafu kakaa kufanya kazi?" Inspekta hakuamini masikio yake. "Limebadilisha nini?"

"Limesahihisha mstari mmoja wenye kosa. Muuguzi ameripoti asubuhi hii kwamba watoto njiti wanapangiwa dozi mara mbili."

Inspekta alimtazama mhasibu aliyefungwa mikono, kisha akaenda moja kwa moja dirishani. Mtandio wa Viraka ulifunika ubavu wa kompyuta. Akaufunua. Kidude cheusi kilikuwa kimechomekwa, taa yake ikiwaka.

"Ungenyamaza, ningeondoka na mhasibu. Kwa nini hukusubiri?"

"Dozi ya saa sita, Afande. Wauguzi walikuwa wanakaribia kugawa."

"Na wizi?"

Viraka alimgeukia kaka yake. "Kaka, tuliiandika kwa ajili ya nani?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa.

"Mwanao alikufa kwa dozi iliyokosewa. Siku tuliyomzika uliniapia kwamba hii haitauzwa, mzazi mwingine asije akalia. Nimekubembeleza hadi nimechoka. Nikaona bora niitwe mwizi."

Inspekta alimwonea huruma, na aliichukia kazi yake dakika ile. Akamfungua mhasibu, akazichukua pingu. Viraka akanyoosha mikono, kisha akairudisha kwenye kompyuta.

"Niache kidogo, Afande. Kuna hospitali moja bado haijalipokea toleo."

Wote wakasogea kwenye skrini. Mkurugenzi alisimama nyuma ya mdogo wake.

"Limepokelewa," akasema kaka yake.

Nje, honi ya wanunuzi ikalia getini. Mkurugenzi akampigia mlinzi simu, akamwambia asifungue.