Mume Wangu Alivyonichagulia Kompyuta

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, nimeolewa Ipinda huku Kyela. Naandika haya nikiwa nimechoka. Hasira nilikuwa nayo, imeisha. Hata kukasirika kunataka nguvu…

Kazi yangu ni kupiga video za harusi na misiba, kisha kuzihariri. Nilikuwa na kilaptopu kizee kinachoganda kila nikikigusa. Unaweka video ya harusi, unakwenda kupika wali, unakula, unaosha vyombo, unarudi… bado inazunguka tu!

Baba mkwe alisikia ninavyohangaika. Alipouza kokoa yake akasema, kupitia mume wangu, kwamba ananinunulia kompyuta ya mezani yenye nguvu. Nililia kwa furaha. Ni wangapi wanaopata mkwe wa namna hiyo?

Nasema kupitia mume wangu kwa sababu kwa mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukimwona njiani unachepuka, akiingia uani unajifungia ndani. Siku hizi wengi wameacha, lakini ukoo nilioolewa mimi wanaishika hasa. Tangu niolewe sikuwahi kusema naye hata neno moja.

Muuza kompyuta alikuwa Kasumulu, mpakani, na mzee alitaka kwenda mwenyewe. Mimi ningekwendaje? Nikamtuma Gwakisa, mume wangu, aende naye akanisemee. Nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia sura ya mashine si kitu. Aangalie kadi nzuri ya michoro, memori kubwa, pawa saplai ya kuaminika, yaani kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, na zaidi ya yote diski mbili, ili kila harusi niitunze mahali pawili.

"Mama Tumaini, usihofu, nimeelewa," akasema.

Kuelewa alielewa. Ila moyo wake ulikuwa kwenye magemu. Gwakisa na mpira wa kwenye kompyuta, acheni tu!

Waliporudi nilikuwa chumbani, nachungulia nyuma ya pazia. Sebuleni likawashwa boksi la kioo linalowaka taa nyekundu, bluu na kijani. Majirani wakapiga vigelegele. Mzee alipoondoka nikaifungua ubavuni. Diski moja! Pawa saplai nyepesi kama kopo tupu, haina hata jina la aliyeitengeneza.

Nilipomuuliza Gwakisa, akaapa kuwa baba yake ndiye aliyeipenda. Nikamwomba amweleze mzee kwa upole, ikabadilishwe mapema. Akaenda, akarudi, akasema mzee amechukia, ameuliza mkwe gani huyu anayeitia zawadi kasoro. Jamani, niliumia! Nikafanya kazi nayo hivyo hivyo. Mchana nahariri mimi, jioni anacheza yeye na wenzake, na joto la Kyela si la kuuliza.

Kisha nikapiga harusi ya Neema, binti wa Matema. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu kule ufukweni. Siku ile alicheza mama yule mpaka kilemba kikadondoka, naye akacheka, akaendelea kucheza… Siku chache baadaye akaanguka, akafariki.

Neema akanipigia simu akilia. Hakuwa na video nyingine ya mama yake. Akasema nisihangaike kuihariri kwanza, anataka tu kumwona anavyocheka. Nikamwambia njoo kesho.

Jioni hiyo nikaenda kwenye maombi ya jumuiya. Gwakisa akawasha gemu. Niliporudi nyumba nzima ilinuka waya ulioungua. Pawa saplai ilikuwa imeungua ikaondoka na diski! Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta ili nikapigie msiba. Fundi alijaribu, akanirudishia diski huku akitikisa kichwa.

Neema hakunitukana. Heri angenitukana! Alikaa kwenye mkeka, akaniuliza kama hata sauti ya mama haikubaki. Wewe ungemjibu nini?

Habari zikamfikia baba mkwe. Akaja, nikakimbilia chumbani kama kawaida. Akasimama nje karibu na dirisha, akanipa mgongo, akasema nami kwa mara ya kwanza.

"Ndaga, pole mwanangu. Lakini mbona ulitaka ile ya mataa? Mimi nilishika ile nyeusi yenye diski mbili. Mume wako akasema wewe huitaki."

Nikamuuliza, kwani baba, maneno yangu ya kuomba ibadilishwe hayakukufikia?

"Maneno gani, mwanangu?"

Gwakisa alikuwa pale uani. Alitazama chini. Bado naishi naye, msiniulize kwa nini. Mzee alitaka kununua nyingine, lakini mashine mpya itamrudisha mama wa Neema?

Dada zangu, na ninyi kaka zangu, nawasihi. Chombo cha kazi yako kichague mwenyewe, kwa macho yako na mdomo wako. Usimtume mtu mwenye hamu zake akakusemee, hata kama mnalala kitanda kimoja. Mila ziheshimuni, mimi bado naziheshimu. Lakini kama huwezi kuonana na mtu, sema naye hata kupitia dirisha. Mimi nilisema siku ambayo hakukuwa na kitu tena cha kuokoa.