Mikono Isiyojua Kisu

Kila Jumatano, kabla kengele ya mistari haijagongwa, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wameshafika kitaluni na ndoo zao. Shule yao ilikaa juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Itumba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata ungemsikia mtu akipiga chafya kabla hujamwona. Walimwagilia miche ya parachichi, wakang'oa magugu kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, wakanawa miguu, kisha wakamngoja Fundi Mbonile.

Fundi Mbonile hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Alikuwa mkulima wa pale kijijini, aliyeishia darasa la nne, lakini katika kata nzima hakuna aliyemshinda kwa kubebesha miche. Mwalimu mkuu alimwomba awafundishe watoto stadi za kazi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asivalishwe tai.

"Mche huu wa kienyeji una mizizi migumu," alieleza siku ya kwanza. "Unaukata kichwa, unaupasua kidogo. Halafu unachukua kikonyo, yaani kijiti chenye macho kutoka kwenye mti unaoupenda. Unakichonga kama kabari, unakichomeka kwenye mpasuko, unafunga kwa utepe wa nailoni. Ule mti unaoupenda unakuwa umepata miguu mipya. Huko ndiko kubebesha. Nani hajaelewa?"

Ikupa alinyoosha mkono. "Fundi, je, kisu kikiteleza?"

"Kitakukata. Utafunga kitambaa, utaendelea."

Darasa zima liliangua kicheko, isipokuwa Ikupa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, hodari wa hisabati, lakini aliogopa kisu chenye makali. Kila mwanafunzi alitakiwa kubebesha miche mitano. Ikupa alizunguka huku na huku, akijifanya anatafuta utepe. Mwishowe aliinama karibu na rafiki yake, Frida.

"Frida, nibebeshee na yangu. Nitakufanyia hesabu zako zote mpaka tufunge shule."

Frida alimkazia macho. "Hata za sehemu?"

"Hata za sehemu."

"Lete viriba vyako hapa. Haraka, Fundi akiwa kule kwa wavulana."

Wiki sita baadaye, miche yote mitano yenye jina la Ikupa ilichipua. Siku ya kikao cha wazazi, mwalimu mkuu aliinua mmoja juu kila mtu auone. "Mitano kwa mitano!" alitangaza. "Huyu binti amewashinda wote!" Bibi yake Ikupa, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea wakati mama yake anafanya biashara Tunduma, alipiga vigelegele peke yake hadi watu wakageuka. Ikupa aliona haya, lakini yalikuwa haya ya dakika mbili tu. Makofi ni matamu.

Mwezi wa sita shule ilipofungwa, walikuja watu wa barabara. Njia iliyopita mbele ya nyumba ya Bibi ilikuwa ipanuliwe, na mparachichi mkubwa uliosimama kando yake ulipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mti ule aliupanda marehemu Babu mwaka alipomwoa Bibi. Matunda yake yalikuwa na nyama ya njano kama siagi na mbegu ndogo kama yai la kware. Hakuna mwingine wa aina ile kijijini.

Bibi hakulia. Alimwita Ikupa jikoni, akamwambia, "Wametupa mwezi mmoja. Sigombani na barabara mimi. Wagonjwa nao watafika hospitali mapema. Lakini wewe una mikono, mjukuu wangu. Nibebeshee mti wa babu yako kabla hawajauangusha. Ukienda, umekwenda."

"Bibi, labda tumwite Fundi Mbonile..."

"Mbonile wa nini? Nikatafute fundi ng'ambo ya mto wakati fundi nalala naye nyumba moja?"

Ikupa alifungua mdomo aseme ukweli. Ukweli ukagoma kutoka. "Sawa, Bibi," alijibu.

Frida angeweza kumwokoa, lakini alikuwa amepelekwa Msangano kwa shangazi yake, tena ameondoka na kinyongo. Katika mtihani wa kufunga shule, ambako hapakuwa na Ikupa wa kumfanyia, alipata hesabu mbili katika hamsini.

Basi Ikupa alijaribu mwenyewe. Nyuma ya jiko kulikuwa na miche minane iliyoota kwenye mbegu alizotupa Bibi. Alikata vijiti kwenye matawi ya chini ya mti wa Babu, akachukua kisu cha kumenyea maboga. Kabari ya kwanza ilitoka imepinda, ya pili ikavunjika, na ya tatu ikamchana kidole gumba. Alikifunga kitambaa, akachomeka vijiti vyake hivyo hivyo, akazungusha utepe uliolegea, akavifunika kwa gunia.

Siku kumi zilipopita, alilifunua. Vikonyo vyote vinane vilikuwa vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka.

Kila jioni Bibi aliuliza, "Watoto wetu wanaendeleaje?"

"Wamelala, Bibi. Usiwafunue, watapigwa na baridi."

"Haya, walale. Mimi nawaombea kila asubuhi."

Ikupa alimega ugali bila kuinua macho. Uongo wa kitaluni ulikuwa mdogo, lakini sasa ulikuwa umezaa, na watoto wake walikula naye sahani moja.

Jumatano moja mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba katapila lingefika Ijumaa. Zilibaki siku mbili. Ikupa hakumaliza hata kuosha vyombo. Alishuka bondeni, akavuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe, akapanda hadi mlangoni kwa Fundi Mbonile akiwa anahema.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unafukuzwa na nini?"

"Fundi, ile miche mitano sikuibebesha mimi. Aliibebesha Frida." Akamweleza yote, tangu hesabu za sehemu hadi vijiti vyeusi chini ya gunia.

Fundi Mbonile aliendelea kunoa kisu chake kwenye jiwe. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Frida anatumia mkono wa kushoto. Utepe kwenye miche yako ulizungushwa kwa kushoto, na wewe ni wa kulia. Nilikaa kimya nikisema utakuja mwenyewe. Ulipopigiwa makofi nilipaswa kusema. Sikusema. Kosa hilo ni langu, wala silikatai."

"Basi twende, Fundi, ukambebeshee Bibi!"

"Siendi kubebesha."

Machozi yalimlengalenga Ikupa.

"Usilie, sijamaliza," alisema Fundi. "Nitakuja kesho asubuhi na miche kumi na kisu kizuri. Nitakufundisha, utabebesha mwenyewe. Lakini nikifika nikute Bibi yako anajua kila kitu. Mimi sifanyi kazi kwenye nyumba yenye gunia la siri."

Ikupa alipanda kilima taratibu kuliko alivyoteremka. Alimkuta Bibi anachambua maharage. Akalifunua gunia, akang'oa miche miwili yenye vikonyo vyeusi, akaiweka mbele yake, akasema. Alisema yote bila kumtazama usoni.

Vidole vya Bibi viliendelea kutenga maharage mabovu upande mmoja. "Nilipiga vigelegele mbele ya kijiji kizima," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wiki zote hizi namwombea nani? Naombea kuni!"

Ikupa hakujua kama alitakiwa kucheka au kulia. Akalia. Bibi alimwacha alie mpaka alipotosheka, kisha akasukuma ungo pembeni.

"Nimekasirika, na kesho bado nitakuwa nimekasirika. Sasa lete hicho kidole unachonificha. Ulidhani sikioni?" Alikiosha kwa maji ya moto na chumvi, polepole, akipuliza kila Ikupa alipokunja uso.

Kesho yake Fundi Mbonile alifika na umande miguuni. Hakumruhusu Ikupa kugusa mche hata mmoja. Alimkatia rundo la matawi ya mpera, akamwambia, "Chonga. Kisu kiende mbele, kisikurudie. Sukuma mara moja, usikwangue."

Ikupa alichonga. Fundi akatazama, akatupa. Akachonga tena, akatupa tena.

"Hii ni kabari au jino la bibi yako?"

"Meno yangu yaache, Mbonile!" Bibi alipiga kelele kutoka jikoni.

Kufikia saa sita mchana rundo la vijiti vilivyotupwa lilikuwa limefika magotini. Mkono ulimuuma Ikupa hadi begani. Lakini hofu yake ya kisu ilikuwa inaondoka kidogo kidogo bila yeye kujua, kwa sababu hakupata nafasi ya kuifikiria. Jua lilipoanza kuteremka, Fundi alikiweka kijiti kimoja juu ya kucha yake, akakigeuzageuza. Kililala sawasawa, bila mwanya.

"Hiki nakubali," alisema. "Nifanyie ishirini kama hiki, ndipo nile chakula chenu."

Ijumaa katapila lilikuja likinguruma. Mparachichi wa Babu uliegemea upande, ukalia kama mlango mzee, ukaanguka. Bibi aligeuza uso. Ikupa hakugeuza. Fundi alimwambia mwendesha mashine asubiri kidogo, naye akazima bila ubishi. Ikupa alipanda juu ya matawi ya kileleni, yale ambayo hakuwahi kuyafikia mti ukiwa umesimama, akakata vikonyo vinene vyenye macho yaliyojaa, akavifunga kwa kitambaa kibichi.

Mchana ule alibebesha miche kumi. Fundi alikaa juu ya kinu, mikono mfukoni, akimtazama. Mara mbili tu alifungua mdomo, zote kusema, "Kaza utepe."

Shule ilipofunguliwa, Ikupa alisimama mbele ya mistari, Frida kando yake, kinyongo kikiwa kimemtoka, wakasema ukweli. Mwalimu mkuu aliwapa adhabu ya kumwagilia kitalu peke yao wiki mbili. Mvulana mmoja mtani, aitwaye Lucky, alimwimbia, "Mitano kwa mitano!" hadi akachoka mwenyewe. Jioni, ndoo zikiwekwa chini, Ikupa alimfundisha Frida hesabu za sehemu, lakini safari hii penseli ilikuwa mkononi mwa Frida.

Wiki ya sita tangu kubebesha, Bibi alimwita Fundi Mbonile aje aone. Vikonyo sita vilikuwa vimekauka. Miche minne ilikuwa imetoa majani madogo ya rangi ya shaba, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ikupa alisimama pembeni, akitazama chini.

"Minne tu, Fundi. Kati ya kumi."

"Mimi mara yangu ya kwanza niliua yote," alijibu Fundi Mbonile. "Sikia, binti. Jibu la hesabu mwenzako anaweza kukuandikia, ukapewa alama, ukapita. Ujuzi wa mkono haupokelewi hivyo. Siku ya shida inapofika haikuulizi ulipigiwa makofi mangapi. Inakuambia, haya, shika kisu. Kama hujui, sema hujui mapema, kwa sababu anayesema hajui hupata wa kumfundisha. Anayejifanya anajua, nani atamfundisha?"

"Nimesikia, Fundi."

Bibi aligusa jani moja la shaba kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto mchanga. "Mume wangu angempenda mjukuu huyu," alisema. Kisha akafuta macho kwa pembe ya kitenge, akamtupia Ikupa jembe.

"Huu wa kwanza unapandwa hapa nyuma ya jiko, mbali na barabara. Chimba mwenyewe. Na shimo liwe refu, sitaki kumwomba Mungu tena kwa kazi ya kulipua."